Ubatizo Usitugeuze Kuwa Maadui



Huku kwetu Katanga, Injili haikuingia kwa mlango mmoja. Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya, kwa mfalme Msiri, mwaka 1886. William Burton na James Salter walifika Mwanza mwaka 1915, na kazi yao ikazaa makanisa ya Kipentekoste. Wamethodisti nao walijenga kituo cha Mulungwishi. Tangu mwaka 1970 jumuiya za Kiprotestanti zimekusanyika katika Kanisa la Kristo katika Kongo (ECC), lakini kila moja imebaki na mapokeo yake.

Tofauti inayouma zaidi ni ubatizo. Hapa Lubumbashi, kijana Mmethodisti akitaka kuoa binti Mpentekoste, swali huja mara moja: aliyebatizwa akiwa mtoto, abatizwe tena? Upande mmoja husema, "Ulimwagiwa maji tu." Upande mwingine hujibu, "Ninyi mnadharau neema." Ndoa inaanza na jeraha.

Tufanye nini?

Kwanza, tueleze imani ya mwenzetu kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeikubali. Mmethodisti hubatiza mtoto kwa sababu neema ya Mungu hututangulia. Hutaja nyumba nzima ya mlinzi wa gereza (Matendo 16), na hungoja mtoto akikua aikiri imani kwa kinywa chake. Mpentekoste humtaja Mwethiopia aliyesikia Injili, kisha akashuka majini (Matendo 8). Kwake, imani hutangulia maji. Wote wawili wanataka kulitii Neno.

Pili, tupime uzito wa jambo. Paulo alimpinga Petro mbele ya watu (Wagalatia 2) kwa sababu kweli ya Injili ilikuwa hatarini. Lakini kuhusu vyakula na siku (Warumi 14), alikataza ndugu kuhukumiana. Mtu akikana kwamba Kristo alifufuka, hatuwezi kunyamaza. Umri wa kubatizwa na wingi wa maji ni mambo mazito, tuyafundishe bila woga; lakini hayatupi ruhusa ya kumwita ndugu mpagani.

Tatu, tuchague mahali pa kusemea. Apolo alijua ubatizo wa Yohana tu. Akila na Prisila hawakumwaibisha mbele ya sinagogi. Walimchukua kwao, wakamfafanulia vizuri zaidi (Matendo 18). Kanisa likapata mhubiri mwenye nguvu.

Basi wachungaji wa pande mbili waketi pamoja na wachumba kabla ya siku ya harusi, Biblia zikiwa wazi. Huenda kila mmoja akabaki na msimamo wake. Upendo hauondoi mafundisho. Ila asiwepo anayeingia majini kwa kulazimishwa na wakwe, wala anayetaniwa kwa ubatizo wake. Watoto watakaozaliwa katika nyumba hiyo watajifunza kwetu kwanza kama Kristo ni mmoja.

Bwana atupe hekima na unyenyekevu. Amina.