Mkwaruzo wa Macho na Nukta ya Kutu

Anayenunua gari lililotumika hulizunguka kwanza akitafuta mikwaruzo. Hupitisha kiganja mlangoni, huinama kuitazama bodi sambamba na mwanga, na akikuta mstari mweupe huanza kudai apunguziwe bei. Ni haki yake. Ila mara nyingi mstari huo hauna madhara yoyote kwa gari. Zile nukta tatu nne kwenye ukingo wa mbele wa boneti, ambazo hakuziona kabisa, ndizo zitakazompeleka kwa fundi mvua za masika zikishapita.

Rangi ya kiwandani ni nyembamba mno: kwa kawaida mikroni 100 hadi 150, yaani milimita 0.1 hadi 0.15, na ndani ya wembamba huo mna matabaka manne. La chini kabisa, lililoshika bati, ni praima isiyopulizwa. Bodi nzima huzamishwa kwenye bwawa la rangi, umeme ukapitishwa, na rangi ikavutwa hadi ndani ya milango ambako bunduki ya kupulizia haifiki. Juu yake huja praima ya kusawazisha, kisha rangi yenyewe, ambayo huenda isifike hata mikroni 20, na mwisho vanishi angavu ya mikroni 40 hivi.

Mikwaruzo mingi huishia kwenye vanishi hiyo. Hapo hakuna rangi iliyopotea. Kilichoharibika ni njia ya mwanga, kwa kuwa kingo za mfereji ule mdogo huutawanya ovyo na jicho likaona weupe. Lowesha kwa maji uone. Kwa kipimo cha kupinda mwanga hewa ni 1, maji ni 1.33, na vanishi ni karibu 1.5, kwa hiyo maji yakijaa mferejini mwanga hupita bila kushtuka sana, na mstari hufifia au hutoweka. Ukitoweka, rangi iliyo chini ni nzima. Mafuta na nta hukaribia zaidi kipimo cha vanishi, na hukaa muda mrefu kuliko maji. Muuzaji mjanja anajua hilo hata kama hajawahi kusikia habari za fizikia. Gari likaguliwe limeoshwa kwa sabuni na kukauka.

Kung'arisha kwa kompaundi, au kwa msasa laini namba 2000 wenye maji, hakuzibi mfereji. Kunashusha uso unaouzunguka mpaka kina chake kipungue. Dawa ya meno nayo hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, maana ndani yake mna chembe za kusugua. Vanishi inayoondoka hairudi, na ndiyo iliyobeba kemikali za kuikinga rangi na jua. Gari lililosuguliwa mara nyingi huanza kuchunika juu ya paa na boneti, mahali jua linapopiga moja kwa moja. Kwa maoni yangu, mkwaruzo usionasa ukucha uachwe ulivyo.

Nukta za mawe ni habari nyingine. Kokoto iliyorushwa na lori inaweza kupenya matabaka yote manne mpaka bati tupu, na hapo ndipo umeme mdogo huanza: sehemu moja ya chuma huachia elektroni, nyingine huzipokea kwa msaada wa oksijeni na maji. Chumvi huufanya unyevu upitishe umeme kwa wepesi, ndiyo sababu gari la Mombasa au Tanga huliwa upesi kuliko la Dodoma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huinua rangi ya pembeni, maji yakapata mlango mpya. Tena baadhi ya magari yetu yametoka kaskazini mwa Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji. Hayo yachunguzwe na uvunguni pia.

Kuziba nukta si kazi kubwa. Osha, futa mafuta kwa spiriti, kwangua kutu yote kwa ncha kali mpaka bati ling'ae, kisha tia praima ya epoksi. Praima ya kawaida ya kujaza hunyonya unyevu, na kuiacha peke yake juu ya chuma ni kuikaribisha kutu. Rangi itiwe kwa kijiti cha meno, tone jembamba baada ya jingine, kwa kuwa thina ikiruka rangi hunywea. Siku ya unyevu mwingi ahirisha: thina inayoruka hupoza uso, mvuke wa hewani ukatonesha umande, na rangi ikapauka.

Rangi inunuliwe kwa namba. Kwenye Toyota nyingi, kibati chenye maandishi C/TR huitaja: 040 ni nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 fedha, 070 nyeupe ya lulu. Nyeupe ya kawaida hukubali kirahisi. Fedha ni kaidi, kwa sababu ina vipande vidogo vya alumini ambavyo bunduki huvilaza kwa mpangilio wake na kijiti huvilaza ovyo. Namba ikiwa sahihi kabisa, nukta bado itaonekana tofauti na rangi inayoizunguka. Lulu huhitaji tabaka la ziada. Katika rangi hizi mbili, kusudi liwe kuzuia kutu, basi.

Vanishi ya kuchanganywa na kigumishi isipulizwe na asiye na vifaa. Vigumishi vingi vina isosianati, ambazo zinaweza kuleta pumu ya kudumu, na kitambaa puani hakizuii mvuke wake, ingawa mafundi wengi wa kando ya barabara hawana kingine.

Bampa ni plastiki, haipati kutu. Kama fedha ni ya kazi moja tu mwezi huu, anza na boneti.