Kufungua na Kukagua Kabureta ya Volkswagen Beetle

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko huo kuingia kwenye injini. Hewa inayovutwa na pistoni hupita kwenye koo jembamba. Hapo mwendo wake huongezeka, shinikizo lake hushuka, na petroli iliyo kwenye bakuli la pembeni hufyonzwa kupitia matundu madogo yaitwayo jeti. Kila kilo 1 ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Uwiano huo hutegemea matundu yenye upana wa milimita moja hivi, na kwa hiyo punje ya kutu yatosha kuifanya gari izime ikiwa silensa (yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), au ikose nguvu mlimani.

Solex 34 PICT-3, iliyofungwa kwenye Beetle za injini ya 1600 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, yafaa sana kujifunzia kwa kuwa ina koo moja tu na sehemu zake hufikika kwa bisibisi na spana chache. Anayeielewa hatapotea akikutana na kabureta za Toyota na Nissan za zamani, ingawa nyingi kati ya hizo zina makoo mawili.

Kipimo cha kwanza hufanywa kabureta ikiwa bado juu ya injini. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chujio la hewa hutolewa, choki hufunguliwa kwa kidole, kisha mkono wa kilango cha hewa, kile kinachofunguliwa na kanyagio la mafuta, husukumwa kwa kasi. Mchirizi mzima wa petroli unapaswa kurukia ndani ya koo. Usipoonekana, na bakuli lina mafuta, basi pampu ndogo ya kuongezea mafuta ina hitilafu, na fundi ameshajua pa kuangalia.

Kazi ya kuitoa huanza kwa kukata umeme: waya wa hasi huondolewa kwenye betri, ambayo katika Beetle iko chini ya kiti cha nyuma. Mpira wa petroli huchomolewa na kuzibwa papo hapo. Baada yake hutoka mpira wa vakyumu unaokwenda kwenye distributa, nyaya mbili za umeme (moja ya choki, nyingine ya vali ya sumaku inayokata mafuta ya silensa), na kebo ya mafuta iliyobanwa kwa skrubu ndogo. Kabureta yenyewe imeshikwa na nati mbili za spana namba 13, moja ikiwa mahali pafinyu panapohitaji subira. Ikishatoka, mdomo wa manifoldi uzibwe mara moja kwa kitambaa safi, kwani nati ikidondokea humo hufika hadi kwenye silinda.

Kifuniko cha juu hushikwa na skrubu tano, nacho huinuliwa wima ili gasketi isichanike. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu kazi: humwaga kilichomo na kuosha kabla ya kutazama. Uchafu ulio chini ya bakuli ni ushahidi. Chembe za rangi ya kahawia hutoka kwenye tangi lenye kutu. Unga mweupe ni dalili ya maji, yaliyokula madini ya kabureta yenyewe. Utando wa njano unaonata ni mabaki ya petroli iliyokaa muda mrefu bila gari kuwashwa, na vipande vyeusi laini ni mpira unaooza kwa ndani. Kabureta iliyooshwa bila chanzo cha uchafu huo kushughulikiwa itaziba tena.

Boya linaloelea ndani ya bakuli hutikiswa sikioni. Likisikika petroli ndani, limetoboka. Sindano ya kuzuia mafuta, iliyo kwenye kifuniko, huminywa kwa kidole huku hewa ikipulizwa kwa mdomo kwenye njia ya petroli: hewa ikipita, petroli nayo itapita, na bakuli litafurika. Diaframu ya pampu huangaliwa kwenye mwanga, kwani mpasuko wake mara nyingi huwa mwembamba kama unywele. Vali ya sumaku ikipewa volti 12 inapaswa kugonga kwa sauti.

Jeti husafishwa kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa, na kamwe isichokonolewe kwa waya. Namba iliyochongwa juu yake ndiyo kipenyo chake kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo jeti ya 127.5 ina tundu la milimita 1.275. Waya ukilipanua hadi 1.35, eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 12, na gari itakunywa mafuta bila mwenyewe kujua sababu. Boya, diaframu na koili ya choki zisitumbukizwe kwenye dawa.

Ugonjwa unaopuuzwa zaidi ni kulika kwa shafti ya kilango cha hewa. Ikicheza pembeni inaposhikwa kwa vidole, hewa huingia kando yake bila kupimwa, na hakuna skrubu itakayoituliza silensa. Dawa yake ni fundi wa mashine kuweka bushi mpya, na kubadilisha jeti hakutasaidia chochote. Kitako nacho hulazwa juu ya kioo: kikiyumba, kimepinda kwa kukazwa kupita kiasi.

Kufunga hufuata njia ileile kinyumenyume, kwa gasketi mpya. Kebo hukazwa kanyagio likiwa limekanyagwa hadi mwisho, huku ikiachwa nafasi ya milimita 1 kabla ya kilango kufika kikomo. Skrubu ndogo ya mchanganyiko huingizwa taratibu mpaka iguse, kisha hurudishwa mizunguko miwili na nusu. Injini ikishapata moto na choki kufunguka yote, skrubu kubwa ya hewa huzungushwa mpaka silensa itulie kwenye mizunguko 850 kwa dakika.