Shavu la mtoto likivimba, usiishie kwenye jino

Mpanda. Mtoto wa miaka 5 anaamka shavu limevimba. Hana homa, anakula na kucheza. Kwa mzazi wa Nsemulwa, kama kwingine, wazo la kwanza ni jino. Linalegea, linang'olewa. Wiki mbili baadaye uvimbe umefika karibu na jicho.

Huenda si jino. Saratani ya Burkitt, inayoanzia kwenye chembe za kinga ya mwili, huwapata zaidi watoto wadogo. Huvimbisha taya, kulegeza meno au kujaza tumbo. Ni kati ya saratani zinazokua haraka kuliko zote: uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Jina linatokana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyewaona watoto wenye taya zilizovimba Hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957. Baadaye ilibainika kuwa ugonjwa huu hushamiri palipo na malaria nyingi. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kiligunduliwa kwenye uvimbe huo. Watoto wengi hukipata bila kuugua, lakini malaria ya mara kwa mara huvuruga kinga na kuongeza hatari. Saratani yenyewe haiambukizi.

Habari njema ni kwamba inatibika. Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 9 kati ya 10 hupona. Afrika wanaopona ni wachache zaidi, sababu kubwa zikiwa kuchelewa kufika hospitali na kuacha matibabu njiani.

Kwanza huchukuliwa kipande kidogo cha uvimbe kupimwa. Kisha hutolewa dawa za saratani kupitia mshipa, kwa awamu kadhaa, katika hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam.

Baada ya awamu ya kwanza uvimbe unaweza kuyeyuka ndani ya siku chache. Hapo ndipo penye mtego. Mzazi anaona mwanawe amepona, nauli imekwisha, shamba linasubiri, anarudi nyumbani. Chembe zilizobaki hukua upya, na kuitibu mara ya pili ni vigumu zaidi.

Mzazi, uvimbe wa taya au tumbo usiopungua ndani ya siku chache upeleke hospitali. Matibabu yakianza, usiondoke wodini bila tarehe ya awamu inayofuata. Ukikwama nauli, waone maofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa.