Sura ya Sita: Ukijiona Mzima

Muulize mtu aliyekunywa bia nne kama anaweza kuendesha gari. Atakujibu upesi: niko fiti. Mara nyingi hasemi uongo, ndivyo anavyojisikia, na hatari iko hapo hapo. Pombe huvuruga mapema uwezo wa ubongo wa kupima hatari na kujizuia, kabla ulimi haujawa mzito na miguu haijaanza kuyumba. Ndiyo maana tunahitaji kipimo kisichotegemea neno la mnywaji.

Kutoka tumboni hadi kwenye pumzi

Pombe haisubiri kusagwa kama ugali. Hupenya kuta za tumbo na, zaidi, za utumbo mwembamba, ikaingia kwenye damu. Damu hiyo ikipita mapafuni, sehemu ya pombe hugeuka mvuke na kutoka na pumzi. Wataalamu hukadiria kwamba pombe iliyomo katika mililita 1 ya damu ni sawa na iliyomo katika mililita 2,100 hadi 2,300 za pumzi. Kanuni za Kenya za mwaka 2011 ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Zidisha 35 kwa 2,300 na utaona kwamba viwango hivyo viwili ni kitu kimoja.

Trafiki akikwambia upulize bila kukata mpaka kifaa kilie, anatafuta hewa ya mwisho, inayotoka ndani kabisa ya mapafu, kwa sababu ndiyo iliyokutana na damu. Katika vifaa vingi vya mkononi, pombe ikigusa platinamu iliyomo hubadilika kikemia na kuzalisha umeme kidogo. Pombe ikiwa nyingi, umeme nao huongezeka. Kifaa hakinusi chochote, kwa hiyo pipi ya mnanaa, bazoka na kitunguu havisaidii. Kinachoweza kukipotosha ni pombe iliyobaki mdomoni, kwa aliyemeza funda sasa hivi au aliyesukutua kwa dawa yenye pombe. Mpimaji makini husubiri dakika 15 kwanza.

Hesabu ya asubuhi

Kuondoa pombe mwilini ni kazi ya ini, na ini halina haraka. Kwa wastani hupunguza miligramu 15 hivi kwa saa katika kila mililita 100 za damu. Supu ya moto, kahawa chungu na maji baridi humwamsha mtu, lakini haviongezi kasi hiyo.

Tuchukue mwanamume wa kilo 70 aliyekunywa bia sita za mililita 500, zenye kilevi cha asilimia 5, kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita. Kila chupa ina gramu 20 hivi za pombe, na ingeweza kupandisha damu yake kwa miligramu 42. Chupa sita ni kama 250. Kufikia saa kumi na mbili asubuhi zimepita saa kumi, na ini limeondoa 150. Amelala, ameoga, amevaa sare ya kazi, na bado ana takriban 100. Mwanamke wa uzito huo huo angebaki na zaidi, kwa kuwa kwa kawaida mwili wake una maji kidogo ya kuisambaza pombe.

Asubuhi hiyo pia ndipo hisia hudanganya zaidi. Mwaka 1919 mtafiti Mwingereza Edward Mellanby alionyesha kwamba, kwa kiwango kile kile cha pombe, ulevi huonekana mdogo kiwango kinaposhuka kuliko kinapopanda. Tafiti za baadaye kwa binadamu zilionyesha kwamba mtu huanza kujiona mzima huku umakini wake ukiwa bado umepungua.

Kisichoonwa na kifaa

Kifaa hupima pombe peke yake. Hakijui bhangi, dawa za usingizi, wala dereva wa basi aliyekesha barabarani. Kwa hiyo askari waliofunzwa huangalia pia mwili: tembea juu ya mstari, kisigino kikigusa kidole, simama kwa mguu mmoja, fuata kalamu kwa macho bila kugeuza kichwa. Macho ya aliyelewa hayatelezi vizuri pembeni, huruka-ruka.

Wala kikomo cha 80 si mpaka wa usalama. Robert Borkenstein, aliyekuwa polisi wa jimbo la Indiana nchini Marekani, alitengeneza kipimo chake maarufu cha pombe kwenye pumzi mwaka 1954. Miaka ya 1960, mjini Grand Rapids, yeye na wenzake walilinganisha pumzi za madereva waliopata ajali na za waliokuwa wakipita bila ajali. Hatari ilipanda kadiri pombe ilivyopanda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikomo kisizidi 50.

Basi usingoje kujiuliza ukiwa umeshakunywa, kwa maana wa kujibu atakuwa ameshalewa. Panga usafiri kabla ya chupa ya kwanza, mkabidhi ufunguo asiyekunywa, na kama una safari alfajiri, hesabu saa za ini lako kabla ya kuagiza.