Kwa Nini Tui la Kopo Halijitengi

Msomaji mmoja anayeishi Uingereza ameleta swali, na uchovu wake unaonekana katika kila mstari. Binti yake ana ugonjwa wa utumbo uitwao Crohn, na familia imemweka, chini ya uangalizi wa hospitali, kwenye mlo wa masharti makali: ngano hapana, sukari ya dukani hapana, na chakula chochote kilichotiwa kitu cha kukifanya kiwe kizito au kisioze, hapana. Nazi inaruhusiwa. Lakini kila kopo la tui analoligeuza dukani ili asome maandishi madogo lina jambo lake: hili E412, lile E435, lingine E223. Kwao Tanga tui ni nazi na maji. Anauliza hivi vingine vimefuata nini humo, na tui lisilo navyo atalipata wapi.

Mlo wa namna hiyo haukuanza jana. Unaojulikana zaidi chanzo chake ni Sidney Haas, daktari wa watoto wa New York, katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Aliyeusambaza ni Elaine Gottschall, mwanabiokemia ambaye binti yake mwenyewe alipata nafuu ya ugonjwa wa utumbo mikononi mwa Haas. Masharti yake hayana mlango wa pembeni, na gamu za kuongeza uzito zimo kwenye orodha ya vilivyokatazwa.

Habari za mnazi na faida zake zimeandikwa vya kutosha. Kinachostahili kuangaliwa kwa makini ni bakuli la tui lenyewe.

Nazi iliyokomaa ikikunwa kwa mbuzi, ikatiwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa kwenye kifumbu, kinachodondoka bakulini ni cheupe pepepe. Weupe huo si rangi. Mafuta ya nazi yaliyoyeyuka yanapitisha mwanga, na maji pia yanapitisha mwanga. Kinacholeta weupe ni matone ya mafuta yasiyohesabika yaliyotawanyika majini, mengi yakiwa na upana wa maikromita chache tu, ilhali unywele wa mtu una kama 70. Mwanga unapoingia humo hugonga tone hili, ukarushwa kwa lile, na mwishowe hurudi kwenye jicho ukiwa mweupe. Mchanganyiko wa aina hii, wa vitu viwili visivyopatana kimoja kikiwa kimetawanyika ndani ya kingine, wanakemia huuita emalsheni.

Kwa nini basi matone hayo hayaunganiki papo hapo yakawa mafuta yanayoelea? Kwa sababu yamevaa. Nazi ina protini zake, nyingi zikiwa za jamii ya globulini na albumini, na kila protini ina upande unaopenda mafuta na upande unaopenda maji. Nazi inapokunwa na kukamuliwa, protini hukimbilia kwenye uso wa kila tone, zikalizunguka kama vazi. Kitu chenye kazi hiyo kimekosa jina zuri la Kiswahili. Kukiita kichanganyishi ni kukosea, maana mkono wa mpishi nao unachanganya, wala hauvishi kitu. Hapa kitaitwa kivishi.

Chukua harusi ambayo familia ya bwana harusi imenunua jora moja la kitambaa cha sare. Jora ni hilo hilo, halitaongezwa. Mtu mzima mmoja wa kilo 80 anashonewa kanzu na kitambaa kinamtosha. Sasa mtoe huyo, uwalete watoto wanane wa kilo 10 kila mmoja. Uzito haukubadilika, bado ni kilo 80, ila fundi akipima atakuta anahitaji kitambaa maradufu, kwa kuwa miili minane midogo ina ngozi nyingi kuliko mwili mmoja mkubwa. Hesabu ya matone ya mafuta ni hiyo hiyo: tone moja likigawanywa manane, eneo la kuvishwa huwa mara mbili. Na jora la nazi ni fupi tangu mwanzo. Gramu 100 za nyama ya nazi zina gramu 33 hivi za mafuta na gramu 3 tu za protini, na sehemu ya protini hiyo hubaki kwenye machicha. Tui la mkono lina wageni wakubwa, kwa hiyo sare inawafikia. Waliovaa wakigongana ukumbini husukumana kidogo wakaachana, kwani mavazi yao yana chaji ya umeme ya aina moja, nayo hukataana. Wasiovaa wakigusana tu hushikana moja kwa moja.

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu, kwa sababu watu wengi huchanganya mambo mawili. Tui likikaa bakulini saa chache hujitenga: zito juu, majimaji chini. Hakuna kilichoharibika. Mafuta ni mepesi kuliko maji, basi wageni wamesogea upande mmoja wa ukumbi, nguo zao wakiwa nazo mwilini. Koroga, watarudi. Kukatika ni habari nyingine. Tui likichemka kwa nguvu, kuanzia nyuzijoto 80 hivi, protini hukunjuka, zikanasana, zikaganda vipande vipande. Nguo za wageni zimeshikana zikachanika, waliobaki uchi wanaungana, na juu ya sufuria pameonekana mafuta matupu. Ndimu hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia ya pili: asidi yake huondoa ile chaji iliyokuwa ikiyafanya mavazi yakataane. Mpishi wa pwani anayepikia tui jepesi kwanza, akaweka lile zito mwishoni kwa moto mdogo huku upawa ukiteka na kumimina bila kupumzika, na ndimu akaikamua sufuria ikiwa imeshaepuliwa, anayalinda mavazi hayo kila hatua. Ni ustadi mkubwa wa kemia, nao unastahili kuheshimiwa hivyo.

Kiwanda kina shida isiyokuwepo jikoni. Tui lake lazima liuawe vijidudu ndani ya kopo kwa joto la nyuzi 121 hivi, kisha likae rafuni miaka, na mnunuzi akilifungua alikute laini kutoka juu hadi chini. Joto hilo huziharibu protini. Isitoshe, ili mafuta yasipande haraka, viwanda hulipitisha tui kwenye mashine ya kulisukuma kwa shinikizo kubwa katika tundu jembamba, mashine iliyobuniwa na Mfaransa Auguste Gaulin mwishoni mwa karne ya 19 na kupata umaarufu kwenye maziwa ya ng'ombe. Mashine hiyo huyavunja matone yakawa madogo sana, na jora halitoshi tena. Ndipo kivishi cha kununua kinapoingia: polisobeti 60, ambayo ndiyo E435.

Sababu ya kuyataka matone madogo ilielezwa mwaka 1851 na George Gabriel Stokes, mwanafizikia mzaliwa wa Ireland aliyefundisha Cambridge. Kwa kanuni yake, mwendo wa tone kupanda hufuata mraba wa upana wake. Upana ukipungua nusu, mwendo unashuka hadi robo. Kanuni hiyo hiyo ina mlango wa pili: kadiri maji yanavyokuwa na mnato, ndivyo tone linavyokwenda polepole. Gamu hutumia mlango huu. Hazimvishi mtu. Zinaifanya sakafu ya ukumbi iwe tope, kila mgeni ajikokote. Gamu ya guari, E412, hutoka kwenye mbegu za mmea wa jamii ya kunde unaolimwa zaidi India. E466 ni selulosi ya mimea iliyobadilishwa kikemia. E407 ni karajinani, na hiyo hutoka baharini, kwenye mwani mwekundu wa aina ile ile ambayo wanawake wa Paje na Jambiani wamekuwa wakiifunga kwenye kamba tangu kilimo hicho kianze Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980. E223, metabisalfaiti ya sodiamu, iko peke yake: inazuia tui lisigeuke rangi na kuwazuia vijidudu, na baadhi ya wenye pumu huwadhuru.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni kwamba viungo hivyo viko pale kwa ajili ya rafu na macho ya mnunuzi. Tui linaloingia sufuriani saa ile ile lilipokamuliwa halivihitaji hata kimoja.

Je, vinadhuru utumbo? Mwaka 2015 Benoit Chassaing na Andrew Gewirtz, wakiwa Atlanta, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa panya waliopewa E466 au polisobeti 80, ndugu wa ile 60, walipungukiwa na ute unaolinda ukuta wa utumbo, na wale wenye maumbile ya hatari wakapata uvimbe. Baadaye E466 ilijaribiwa kwa watu wachache wenye afya, na bakteria wa matumbo yao wakabadilika. Panya si watu, dozi zilikuwa kubwa, na guari haikuhusika. Uamuzi wa mlo wa mtoto mgonjwa ni wa daktari wake na mtaalamu wa lishe.

Kupata tui safi dukani kunawezekana. Yapo makopo yenye nazi na maji tu, na dalili yake ni kwamba ukilitikisa karibu na sikio, hasa siku za baridi, linabwata kama lina maji na bonge. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na bila gamu bonge hilo hupanda juu. Wengi huona kasoro, kumbe ndiyo sifa. Pakiti za karatasi pia zina nafuu, kwa kuwa tui lake hupashwa kwa sekunde chache tu kwenye joto kali, hivyo baadhi ya watengenezaji huweza kuacha viungo vya ziada. Maandishi ya mbele yasomwe pia: kwa viwango vya kimataifa vya Codex tui la kawaida lina mafuta yasiyopungua asilimia 10, na lile linaloitwa jepesi linaweza kuwa na 5 tu, huku gamu ikilipa uzito wa kuazima. Tui la unga liogopwe zaidi. Mengi yana kaseini ya maziwa ya ng'ombe, jambo la hatari kwa mtoto asiyepatana na maziwa.

Njia ya hakika ni kulitengeneza. Nazi za dukani Ulaya nyingi zimekaa sana. Nzuri huwa nzito, ikitikiswa ndani husikika maji, na macho yake matatu ni makavu yasiyo na ukungu. Ikikosekana, nazi iliyokunwa na kugandishwa huuzwa kwenye maduka ya Wahindi na Wafilipino, na pakiti nyingi huwa na nazi pekee. Iliyokaushwa isomwe kwa makini, maana baadhi hutiwa E223.

Blenda inatosha pasipo na mbuzi. Maji yawe ya moto unaovumilika mkononi: yakiwa baridi, mafuta huganda na kubaki kwenye machicha, yakichemka, protini zinaganda kabla ya kuvisha chochote. Nazi moja kwa kikombe kimoja cha maji, isagwe dakika moja au mbili, kisha ikamuliwe kwa kitambaa safi cha pamba, kikisokotwa hadi tone la mwisho. Hilo ndilo tui zito. Machicha yarudishwe kwa vikombe viwili vingine kupata jepesi.

Tui lina asidi ndogo sana, kwa hiyo huchacha upesi: siku mbili ndani ya friji, si zaidi. Lisifungiwe kwenye chupa nyumbani ili likae kabatini, kwani mazingira hayo yanafaa bakteria wa botulizimu. Ligandishwe kwenye trei ya barafu, vipande vitolewe kwa kiasi cha chungu cha siku. Likiyeyuka litaonekana limekatika, kwa kuwa barafu imeyabana matone yakapasuka mavazi. Lipashwe kidogo na kurudishwa kwenye blenda, kisha liingie chunguni moja kwa moja.