Uzito Kwanza, Mapambo Baadaye

Mtu akishanunua pikapu au Land Cruiser kwa ajili ya barabara za vumbi na matope, fedha yake ya kwanza huenda kwenye vinavyoonekana: ngao ya chuma mbele, winchi, keria, taa za ziada, tairi kubwa zinazojaza madigadi. Kwa maoni yangu mpangilio huo umepinduliwa. Nje ya lami, gari hufika kwa sababu tairi zinashika ardhi na mzigo haujazidi kile lilichoundwa kubeba, na vifaa vingi vinavyouzwa kwa jina la kuliimarisha gari huanza kwa kulipunguzia uwezo huo.

Hesabu inayorukwa zaidi ni ya uzito. Pikapu ya tani moja ikishavishwa vifaa haibebi tena tani moja, maana kila kilichofungwa kimekula sehemu ya tani hiyo. Ngao ya chuma ina takriban kilo 60, winchi 35, keria ya chuma 40, hema la juu ya paa 60, betri ya pili 25, bampa ya nyuma yenye mkono wa kubebea spea 60, na lita 80 za dizeli ya akiba kama kilo 67. Hapo tumekaribia kilo 350 kabla mtu hajapanda. Wakiingia watu watano wa kilo 75 kila mmoja, maji, chakula, vyombo na spana vinagombea kilo 275 zilizobaki. Fundi atakwambia dawa ni springi ngumu. Kweli zitalinyanyua gari likae sawa, lakini breki, beringi, ekseli na chasisi ni zilezile, na kikomo cha kiwanda hakijasogea. Chasisi iliyozidiwa mzigo nyuma inaweza kupinda au kupasuka nyuma ya kabini hata springi zikiwa nzima.

Tairi kubwa nazo zina gharama yake. Ukitoa 265/70R16 na kuweka 285/75R16, kipenyo kinatoka milimita 777 hadi 834. Difu inapanda milimita 28, na hiyo ni faida ya kweli, kwa sababu kuinua bodi kwa springi hakuinyanyui difu ya nyuma hata kidogo. Lakini kwa kila mzunguko gari sasa linakwenda umbali uliozidi kwa asilimia 7: mshale ukisoma 80, gari linakwenda kama 86 kwa kipimo cha zamani, injini inavuta kwa shida zaidi mlimani, na breki zinasimamisha gurudumu refu na zito zaidi. Mchangani, aliyebaki na tairi za kawaida akipunguza upepo kutoka psi 35 hadi 18 hupata nyayo ndefu zinazosambaza uzito, na gharama yake ni geji na pampu ndogo ya kurudishia upepo kabla ya lami.

Yupo atakayeuliza: mbona magari ya utalii ya Arusha yana ngao, keria na snokeli, na yanafanya kazi miaka mingi? Yanafanya, kwa sababu hayo ni mashine za kazi moja. Mzigo wake unajulikana na mwendo wa hifadhini ni wa polepole. Sipingi vifaa, napinga kuvinunua bila kujua vinatibu nini. Snokeli, kwa mfano, huinua mdomo wa hewa ya injini, na hilo ni jambo kubwa, kwani maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa, hivyo pistoni husimama ghafla na mkono wake kupinda. Ila snokeli haiilindi difu. Difu iliyopata moto ikizama ghafla kwenye maji baridi ya mto, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili au kitundu cha kupumulia, na oili hugeuka rangi ya maziwa. Kinachozuia hilo ni mpira mwembamba unaopandisha kitundu hicho hadi karibu na boneti. Hauonekani, na hakuna anayejisifu nao.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kifaa kingine, jaza tangi, pandisha watu na mizigo yote ya safari, lipime gari kwenye mizani, kisha linganisha na uzito wa juu uliochapwa kwenye kibati cha kiwanda. Likiwa limezidi, vua kitu.