Je, Wajua? Picha Inayomwachia Mtoto Kazi

Je, wajua kwamba kitabu cha picha humpa mtoto maneno ambayo mazungumzo ya nyumbani hayampi? Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walilinganisha vitabu 100 vya picha na maongezi ya wazazi kwa watoto wao wadogo. Vitabu vilikuwa na maneno ya aina nyingi zaidi. “Njoo ule” na “vaa viatu” husemwa kila siku hapa Nyegezi, Mwanza. Ngamia, theluji na jangwa vitatajwa na nani?

Je, wajua kwa nini vitabu vingi vya namna hii vina kurasa 32? Karatasi kubwa ya mtamboni hukunjwa, na kurasa hutoka kwa mafungu ya 8 au 16.

Je, wajua kwamba Wasukuma walikuwa na zimwi la kutosha kitabu kizima kabla ya mchoraji yeyote kushika brashi? Shing'weng'we alimeza watu wote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Mwanawe, Masala Kulangwa, alikua, akaliua zimwi, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wazima. Bibi akisimulia haonyeshi picha yoyote. Kila mjukuu hulichora zimwi lake kichwani. Mchoraji hodari hulinda uhuru huo. Huonyesha jicho au kivuli, mengine humwachia mtoto. Picha pia huweza kusema pasipo maneno: mchoraji Maurice Sendak, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu mtoto Max na mazimwi, alizikuza picha kadiri ndoto ya Max ilivyokua, hata maneno yakakosa nafasi. Kwa hiyo ukiwa dukani, fungua kitabu katikati, funika maandishi kwa kiganja. Picha ikisema jambo ambalo maneno hayakulisema, kinunue. Ikirudia tu maneno, kirudishe rafuni.

Je, wajua kwamba Mtanzania John Kilaka, anayechora kwa mtindo wa Tingatinga, ana kitabu kuhusu Sokwe mvuvi anayepeleka samaki sokoni, na Mbwa mwenye tamaa ya samaki hao? Wanyama wake wamevaa nguo kama watu wa gulioni. Mtoto aliyezoea kuona dagaa wakianikwa mwaloni hahitaji kuelezwa wasiwasi wa Sokwe, na hapo ndipo anapoanza kubuni yake.

Lakini wajua pia kwamba nguo hizo zina gharama? Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto wadogo hujifunza vibaya zaidi ukweli kuhusu mnyama anayesimuliwa kama binadamu. Ukitaka mwanao ajue kwamba kamongo ana mapafu na hupumua hewa, mtafutie kamongo asiye na kofia. Ukitaka aote, mvishe kamongo kofia na umpandishe basi pale Stendi ya Nyegezi. Nyumba inahitaji vitabu vya aina zote mbili, usivichanganye tu.

Je, wajua kwamba namna ya kusoma ina uzito mkubwa? Mwaka 1988 mtafiti Grover Whitehurst na wenzake waliwafundisha wazazi kuuliza “hapa kunatokea nini?” badala ya kusoma moja kwa moja. Baada ya mwezi mmoja watoto wao walikuwa wamewaacha wenzao katika kujieleza.

Na pesa ikiwa haba? Mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, unatoa hadithi za picha bure, zikiwemo za Kiswahili, na unaruhusu kutafsiri. Pakua kwenye simu, chapisha steshenari. Wanachuo wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) wanaojua Kisukuma wangeweza kutupatia kabati zima.

Je, wajua kwamba mtoto anayelilia kitabu kilekile kila usiku yuko sahihi? Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza waliwasomea watoto wa miaka 3. Waliorudiwa hadithi zilezile walishika maneno mapya vizuri kuliko waliosomewa tofauti tofauti. Basi, kwa kuwa kitabu kitafunguliwa mara nyingi, kagua mshono kabla ya kulipa: kurasa zilizobanwa kwa pini mbili nyembamba hazitaimaliza wiki.